Dakika Mbili za Refa

Ukimuuliza Refa ni saa ngapi, hakukujibu papo hapo. Alikunja kwanza mkono wa kanzu, akaitazama saa yake taratibu, kisha akakuuliza: "Wataka ya karibu ama wataka ya kweli?" Ya karibu ilikuwa saa nne na robo. Ya kweli ilikuwa saa nne na dakika kumi na tatu na nusu, na hiyo nusu aliitamka kwa heshima. Watu wengi pale Mji wa Kale walichukua ya karibu wakenda zao. Mimi kila mara nilimwambia nataka ya kweli, tena kwa sauti ya juu ili watu wasikie, na yeye alijua vizuri kwa nini.

Refa ndiye aliyenikatalia goli. Nalisema mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mshambuliaji, namba tisa mgongoni, na siku ya fainali ya kombe la mitaa, uwanjani karibu na Buxton, tukiwa sare ya bao moja kwa moja, nilipiga shuti la mguu wa kushoto kutoka nje kidogo ya eneo la hatari. Mpira ungali hewani, Refa akapuliza filimbi ya mwisho. Mpira ukaingia. Refa akatikisa kichwa, akaokota mpira wavuni, akautia kwapani. Mkufunzi wetu alikuwa na saa ya betri yenye kuhesabu hadi sekunde, na saa hiyo ilisema bado dakika mbili. Watu kadhaa waliokuwa ukingoni na saa zao walisema vilevile. Refa akainua mkono wa kushoto, akaigonga saa yake kwa kidole, akasema neno ambalo alilirudia miaka yote iliyofuata: "Saa yangu haikukosea."

Tukaenda penalti, tukashindwa. Yangu iligonga mwamba. Siku ile kulikuwa na bwana mmoja wa timu ya kampuni, amekuja kutafuta mshambuliaji wa kumwandika kazi, maana zama hizo mguu mzuri uliweza kukupa mshahara na chumba cha kulala. Aliondoka na namba tisa wa upande wa pili. Mimi nikaenda Liwatoni kupima samaki, na harufu yao sijaiondoa mpaka leo kwa sabuni yoyote. Kwa hiyo nilipombandika Refa jina la Dakika Mbili, na jina likashika mtaa mzima hadi kina mama wakalijua, nilijiona nina haki.

Mtu mwingine angenikwepa. Refa alinitafuta. Nyumba yake ilikuwa kichochoro cha pili kutoka kwetu, nami sikuwa na njia nyingine ya kwenda kazini ila mbele ya baraza yake. Akiniona tu, aliita: "Namba Tisa! Ndoo uone." Jina langu halisi sikumbuki kama alipata kulitamka. Nami nilimwita Ami, kama tunavyowaita wazee wa pale, hata siku ambazo ningependa kumwita jingine.

Kazi yake ya kula ilikuwa kuuza misumari, bawaba na kufuli katika duka la tajiri mmoja. Kazi yake ya moyo ilikuwa saa za mkono. Alikuwa nazo kumi na moja, na alizipanga kama timu. Zilikaa ndani ya bati la biskuti lililotiwa mchele mkavu chini ili unyevu usizifikie, kila moja imefungwa kijikaratasi chenye namba. Golikipa ilikuwa saa nzito ya wapiga mbizi, pana kama kifuniko cha chupa ya dawa; hiyo, alisema, haipitishi kitu. Mabeki walikuwa saa za kijeshi zenye uso mweusi. Namba tisa ilikuwa nyembamba, ya rangi ya dhahabu, na kila aliponionyesha hakuacha kunichokoza. "Hini ndiyo weye. Yapendeza matoni, lakini ukiitaka ifanye kazi, yasita."

Saa za betri hakuzitaka hata za bure. Ndiyo kwanza zilikuwa zimejaa mjini wakati ule, za plastiki, za rangi zote, zinauzwa pamoja na soksi na vitana. Kijana mmoja alimletea moja ya zawadi kwa nia njema. Refa aliishukuru nia, akairudisha saa. "Ya betri haina mwenyewe," alimwambia. "Walala, yenda. Wasafiri, yenda. Wafa, yenda. Saa yangu mimi nisipoamka, haiamki."

Kununua alinunua kwa mabaharia na kwa watu waliorithi saa wasizojua kazi yake. Hakuitazama saa kwanza. Aliipeleka sikioni, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu mpaka muuzaji akaanza kuona haya. Siku moja nilikuwepo. Baharia alimletea saa inayong'aa, yenye jina kubwa la Uswisi usoni. Refa akaisikiliza, akamrudishia. "Yakohoa," alisema. Kisha akamwomba ile chakavu aliyoivaa mwenyewe mkononi, iliyochubuka kioo, akaiweka sikioni, na uso wake ukafunguka. Walibishana hadi adhana ya alasiri, maana baharia hakuwa amekuja kuiuza ile. Mwisho aliiuza, na ndiyo iliyovaa namba sita.

"Saa hainunuliwi kwa mato," aliniambia baadaye. "Mato yana tamaa. Sikio halina."

Kila alfajiri baada ya sala alizitia ufunguo zote, moja baada ya moja, akihesabu mizunguko kwa midomo. Hakupita ishirini na tano. Mombasa hii jasho na chumvi ya hewani vinakula chuma, kwa hiyo alizifuta migongo kila jioni, na hakufuta kwa kitambaa kingine ila kipande cha leso iliyofuliwa mara nyingi hadi ikalainika. Vipande hivyo vilitoka wapi, mkewe ndiye aliyejua. Leso zake zote zilikuwa zimebaki na pembe tatu.

Nisije nikamfanya mtu wa vitabuni. Refa alikuwa na vituko. Akitawadha alivua saa akaiweka ndani ya kofia, na siku moja aliivaa kofia na saa ikiwa imo. Sala nzima saff ya kwanza ilisikia kitu kinagonga tiki tiki kichwani mwa mtu, na aliyekuwa pembeni yake alishindwa kujizuia akacheka rakaa ya pili. Tena mtu huyu aliyejua nusu dakika hakujua leo ni siku gani. Alialikwa harusi ya jirani, akajitia joho na uturi, akafika dakika moja kamili kabla ya saa iliyoandikwa kwenye kadi, na siku moja kabla ya harusi. Waliokuwa wakifunga turubai wakampa kiti. Alikaa, akanywa kahawa, akarudi kesho yake kwa dakika ileile.

Halafu kulikuwa na redio. Redio ya taifa kila ilipotimia saa kamili ililia vile vipembe vyake, pi, pi, pi, na cha mwisho kirefu, kabla ya habari. Popote alipokuwa, Refa aliposikia mlio ule mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye saa. Alivuta kile kijinundu cha ubavuni, akausogeza mshale mpaka ukalingana, akakisukuma ndani, basi. Aliitupia jicho tu, hakukatiza maneno. Nilimwona akifanya hivyo huku akipima misumari dukani. Nilimwona, Mungu amsamehe, akifanya hivyo chini ya jeneza. Tulikuwa tunampeleka mzee mmoja makaburini, Refa bega lake likiwa mbele, redio ya duka ikalia saa kumi, na mkono wake ukaacha jeneza ukaenda kwenye saa. Mtu wa nyuma alimwambia, "We Refa, maiti huyo!" Refa akageuka kama aliyeamshwa, akauliza, "Nimefanyani?"

Tulicheka sana kwa lile. Nilicheka kuliko wote, na sikuona chochote ndani yake.

Saa aliyochezeshea fainali haikuwamo katika ile timu ya kumi na moja. Aliiweka peke yake, ndani ya kibweta, na aliiita Shahidi. Alikuwa ameinunua siku chache tu kabla ya fainali, hajaipeleka kwa fundi, akaivaa kwa sababu aliipenda. Baada ya mchezo wakubwa wa chama cha mpira walimwambia makosa hutokea, arudi kazini. Alikataa. "Mchezaji akishitakiwa hukaa nje mpaka kesi ishe," aliwajibu. "Na refa ni vilevile." Akaitundika filimbi kwenye msumari ukumbini kwake, na hakuipuliza tena.

Akaanza kesi yake. Fundi saa aliyemwamini alikuwa mtu wa maneno machache, aliyefanya kazi katika kijiduka cha upana wa mlango karibu na Marikiti, na kioo cha kukuzia jichoni. Refa alimpelekea Shahidi aichunguze lakini akamkataza asiiguse. Fundi akamwambia kuirekebisha ni kazi ndogo tu. Refa akasema hapana. "Shahidi hatengenezwi. Ukimtengeneza, hatasema aliyoyaona."

Hapo ndipo nilipoanza, bila kukubali mwenyewe, kumheshimu. Mtu aliyezilea saa nyingine zote kama watoto wachanga aliiacha ile moja na ugonjwa wake, akaitia ufunguo kila alfajiri, akailinganisha kwa redio saa moja asubuhi, na kesho yake akatazama imekosea kiasi gani. Aliipima siku ya joto na siku ya mvua. Aliipima akiwa amekaa, na akiwa anatembea. Aliwahi kukimbia nayo kutoka Ngome hadi Makadara, mtu mzima mwenye kanzu imekunjwa hadi magotini, kwa sababu siku ya fainali alikuwa akikimbia. Kila apatapo jibu aliniita barazani.

"Nimeipima tena."

"Yasemaje, Ami?"

"Yabaki nyuma. Dakika moja na nusu kwa siku. Haikimbii hata kidogo."

"Basi goli langu limekwenda wapi?" nilimwambia. "Saa ikibaki nyuma, mpira hurefuka. Haufupiki."

"Hilo ndilo nilitafutalo."

Mazungumzo haya tuliyafanya mara ngapi sijui. Miaka ilipita. Nilioa, nikapata kitambi, goti la kushoto likaanza kulia nikipanda ngazi. Timu zilivunjika zikaundwa nyingine. Wengi hawakukumbuka tena jina la Dakika Mbili lilitoka wapi, walilirithi tu kama majina yanavyorithiwa kwetu. Mara mbili tatu nilitamani kumwambia, Ami, yaache, yamekwisha. Lakini sikumwambia, na nitasema ukweli kwa nini. Lile goli lilikuwa udhuru wangu. Kila jambo lililonishinda maishani nilikuwa na mahali pa kulitupia, nami sikutaka mahali hapo pafungwe. Yeye alitaka ukweli. Mimi nilitaka kinyongo changu, na nilikitunza kama yeye alivyozitunza saa.

Asubuhi moja, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, niliwapelekea samaki, changu wawili waliobaki kwenye barafu jana yake. Mkewe akanikaribisha chai. Bibi huyu alikuwa mtu wa kusema neno moja pale wengine walipohitaji kumi, na mume wake alimwogopa kwa adabu. Refa alikuwa amekaa mkekani na Shahidi mkononi, redio rafuni, na jiko la mafuta ya taa mlangoni.

Kila asubuhi alikula mayai mawili ya kuchemsha, dakika nane kamili, na kila asubuhi aligombana nayo. Jambo hili mtaa mzima ulilijua. Yalitoka rojorojo. Aliwahi kulaumu kuku, akalaumu sufuria, akabadilisha jiko.

"Natia mayai," mkewe alisema. "Tizama saa yako."

"Saa moja kasoro dakika tano. Yatoke saa moja na dakika tatu."

Akaendelea kunihadithia juu ya kioo cha saa alichokipata kwa fundi seremala, sikumbuki kilifikaje huko. Redio ikalia, pi, pi, pi. Mkono wake ukaenda, ukavuta, ukasogeza, ukasukuma. Hadithi ya kioo haikukatika hata kwa neno moja. Ilipofika saa moja na dakika tatu kwa saa yake, akasema, "Haya, epua." Mkewe akaepua. Yai likapasuliwa, kiini kikamwagika sahanini.

"Mayai ya siku hizi," Refa alianza.

"Mayai hayana makosa," mkewe alisema.

"Basi ni jiko."

"Jiko pia halina." Bibi akakaa juu ya kibao chake, akajifuta mikono. "Bwanangu, miaka yote hini nakutizama. Watia saa, twangoja, redio yalia, nawe waisogeza saa mbele. Saa waisogeza, lakini mayai hayasogei. Wayatoa hayajatimiza."

"Nani asogezaye saa mayai yakichemka?"

"Weye. Kwa mkono huo."

Refa akautazama mkono wake wa kulia. Aliugeuza kiganja juu, akaugeuza chini. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani wajua," mkewe alijibu. "Nikadhani wayapenda rojorojo, kisha wapenda na kulalamika."

Ningecheka, lakini nilimwona uso. Alikuwa ameliacha yai. Midomo yake ilikuwa ikienda kama anapohesabu mizunguko ya ufunguo.

"Namba Tisa. Siku ile kipindi cha pili tulianza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kasorobo, Ami."

"Basi saa kumi na moja kamili tulikuwa uwanjani."

"Tulikuwa uwanjani."

"Na yule muuza karanga aliyekaa kwenye kibendera cha kona, alikuwa na nini kapuni?"

Nilimwona yule muuza karanga kama niko pale, kapu lake, na kitu cheusi juu ya kapu chenye waya uliosimama. "Redio," nilisema.

"Na asubuhi ya siku ile betri za redio yangu zilikuwa zimekwisha," Refa alisema polepole. "Sikuilinganisha. Mpaka jioni ilikuwa nyuma dakika mbili kamili. Ikalia redio ya karanga, nikaisogeza mbele dakika zote mbili papo hapo, mpira wachezwa." Akaivua Shahidi, akaiweka mkekani mbele yangu. "Saa haikukosea. Mimi ndimi niliyekosea. Dakika zako mbili nimekunyang'anya kwa mkono wangu."

Nilikuwa nimelingoja neno lile tangu ujana. Nilidhani litakapokuja nitapiga vigelegele mtaani kama mwanamke. Nilichohisi ni uchungu, tena kwa ajili yake. Kosa lake lilitoka kwenye kitu alichokipenda kuliko vyote, na kwa kukipenda mno. Nikamwambia, "Ami, hayo ni ya zamani. Mimi nimekwisha kusamehe."

"Sikukuomba samahani bado," alinijibu kwa ukali. "Jumapili wenda kazini?"

"Siendi."

"Ndoo uwanjani saa saba kasorobo. Na viatu vyako."

Jumamosi baada ya alasiri, pale kwa muuza kahawa ambapo jina la Dakika Mbili lilikuwa na wenyeji wake wengi, alisimama akawaambia wote. Aliwaeleza redio, karanga, mkono, hata mayai. Watu walicheka hadi vikombe vikatikisika. Mmoja akamwambia kwa wema, "Refa, sisi tulishasahau bwana." Refa akamgeukia. "Mimi sikusahau," alisema, akaondoka bila kumaliza kahawa yake.

Jumapili jua lilikuwa la utosi. Nilikuta uwanja mtupu, nyasi zimeungua, na nyuzi za wavu hazimo. Refa alikuwa katikati amevaa mavazi yake meusi ya zamani, kaptura na soksi hadi magotini, miguu imekuwa miembamba ndani yake. Filimbi ilikuwa shingoni. Mkewe alikuwa ameketi kivulini mwa ukuta na buibui lake, golikipa mkononi, maana ndiyo saa aliyoiamini kumpa ya kweli, na redio mapajani. Shahidi ilikuwa mkononi mwa Refa. Hakuwa ameilinganisha tangu siku ile ya mayai, na kufikia hapo ilikuwa nyuma dakika kadhaa.

Sikuelewa redio ilikuja kufanya nini. Nilidhani bibi ameileta ajiliwaze.

Refa alihesabu hatua kutoka kwenye mstari, akauweka mpira. Palikuwa pale pale. Mimi mwenyewe nisingepakumbuka, lakini alipouweka, mguu wangu ulipajua. "Ulipiga kutoka hapa," alisema. "Zimebaki dakika mbili. Moja kwa moja."

"Tayari," mkewe aliita. "Saa saba kasoro dakika moja."

Refa akaitazama Shahidi, akapuliza filimbi.

Niliupiga. Goti lililia, na shuti halikuwa shuti lile. Mpira ulibiringika tu kama chungwa lililoanguka kutoka kapuni, lakini ulifika, ukapita kati ya miti miwili. Refa akapuliza, akanyoosha mkono kuelekea katikati. "Mbili moja," alisema. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuyasema. Nikaanza kumwendea nimkumbatie.

"Simama!" alinikemea. "Mpira haujesha. Bado dakika moja na sekunde arubaini."

Nikasimama. Yeye akasimama. Hakuna aliyekuwa na mpira, hakuna wa kushindana naye. Jua likatupiga. Nikaanza kujiuliza tutasimama hivyo mpaka lini, na hapo ndipo bibi alipoifungua sauti ya redio yote.

Pi.

Mkono wa kulia wa Refa uliinuka. Niliuona. Ulifika kifuani. Pi, pi. Vidole vilikuwa vimekwisha kukunjika tayari kuvuta kile kijinundu, na Shahidi ilikuwa pale, nyuma dakika zote zile, inamwita. Shingo ilimtoka mishipa. Akaishika filimbi. Aliishika kwa mkono ule kwa nguvu hadi kamba yake ikamkata shingoni, mpaka mlio mrefu wa mwisho ukapita na mtangazaji akaanza habari. Nikaelewa kuwa saa ile ya mchana aliichagua makusudi.

Tukangoja dakika iliyobaki. Refa hakuondoa macho kwenye saa. Zilipotimia, akapuliza mara tatu, ya mwisho ndefu, akautoa mkono kwenye filimbi, akanipa. Ulikuwa umelowa jasho.

"Sasa naomba samahani," alisema.

Kesho yake aliniomba nimsindikize hadi kwa fundi saa. Fundi alimwona akivua Shahidi, akauliza kama amekuja kuipima tena. Refa akaiweka juu ya meza, akaisogeza mbele yake.

"Ameshasema aliyoyaona," alimwambia. "Mtengeneze."

Fundi alivaa kioo chake jichoni, akafungua mgongo wa saa, akasukuma kitu kidogo ndani kwa ncha ya kibano, akafunga. Haikuchukua hata dakika mbili.